Somo la Wanachama: Mayai Viza na Wajibu wa Chama



Somo hili lisomwe na Katibu mbele ya mkutano wa wanachama, kisha lijadiliwe. Linavihusu hasa vyama vinavyofuga kuku na kuuza mayai, lakini hata asiyefuga na asikilize, kwani hakuna nyumba isiyoonja yai.

Pemba yetu imekwisha kuonja msiba wa chakula. Mwezi wa Machi, 2024, katika Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Kabla ya hapo, mwezi wa Novemba, 2021, watu 7 walikufa kisiwani humu kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ile haijulikani kwa harufu wala kwa ladha, wala haiondoki kwa moto. Yai si kasa, na hatari yake inazuilika. Lakini fundisho la kwanza ni moja: pua peke yake si hakimu wa kutosha wa chakula.

1. YAI HUHARIBIKAJE?

Kaka la yai huonekana gumu, lakini lina maelfu ya matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Juu yake pana utando mwembamba unaoziba matundu hayo. Utando ukiondoka, vijidudu hupata njia. Vikiingia ndani huvunjavunja ute na kiini, na hapo hutoka ile hewa yenye uvundo tunayoijua sote.

Kuna sababu nyingine inayotugusa sisi wa nchi za joto. Yai lenye mbegu ya jogoo huweza kuanza kuumba kifaranga likipata joto la zaidi ya nyuzi 20 hivi. Kwetu joto la kawaida hupita kiasi hicho mchana na usiku. Basi yai lililosahauliwa kiotani au juu ya kabati huanza kukua, kisha kiumbe kilichomo hufa na kuoza. Mengine ni yale yaliyoatamiwa siku 21 yasianguliwe. Yote hayo ni mayai viza, wala si halali ya soko.

2. HATARI ZILIZOMO

Hatari ya kwanza ni yai lililooza waziwazi. Ni nadra mtu kulila kwa kupenda, lakini huingia katika bakuli la mkate wa mayai au keki, likafichwa na sukari na iliki. Anayelila huweza kutapika na kuhara.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi kwa sababu imejificha. Ni kijidudu kiitwacho salmonela. Huingia kupitia kinyesi kilichoganda juu ya kaka. Na aina yake moja hukaa katika viungo vya uzazi vya kuku, ikaingia ndani ya yai hata kabla kaka halijaumbika. Yai hilo huwa safi, jipya, lisilo na harufu yoyote. Likikaa penye joto, vijidudu huzidi kuongezeka.

Aliyeambukizwa huanza kuumwa baina ya saa 6 na siku 3 baada ya kula: homa, msokoto wa tumbo, kuhara na kutapika. Wengi hupona katika wiki moja. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wajawazito na wenye ugonjwa wa selimundu, kwani kwao kijidudu huweza kuingia katika damu na kuua.

3. FUNDISHO KUTOKA UINGEREZA

Mwezi wa Desemba, 1988, Edwina Currie, aliyekuwa naibu waziri wa afya wa Uingereza, alitamka hadharani kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini mwake imeingiwa na salmonela. Uuzaji wa mayai ulianguka ghafla, naye akajiuzulu mwezi huo huo. Wafugaji waangalifu waliumia pamoja na wazembe, maana mnunuzi hakuwa na njia ya kuwatofautisha.

Imani ilirudi kwa kazi, si kwa maneno. Kuanzia mwaka 1998 mayai ya kuku waliochanjwa yalipigwa mhuri wa simba, na kila yai likajulikana limetoka wapi. Mwaka 2017 wakala wa chakula wa nchi hiyo ulitangaza kuwa hata wajawazito na watoto wanaweza kula mayai yenye mhuri huo yasiyoiva sana. Ruhusa hiyo ni ya mayai yale tu. Isichukuliwe kuwa ni ya mayai yasiyo na mhuri huo.

4. KAZI YA CHAMA

(a) Mayai yakusanywe angalau mara mbili kwa siku. Kuku wa mayai ya kuuza wasichanganywe na jogoo. Tetea hutaga bila yeye.

(b) Yai lenye uchafu kidogo lifutwe kwa kitambaa kikavu. Lisioshwe, kwani maji huondoa utando na maji baridi huvuta vijidudu ndani. Lenye ufa au kinyesi kingi lisipokelewe.

(c) Kila yai lipimwe kwa tochi katika chumba cha giza. Jipya hupitisha mwanga. Lenye mishipa ya damu limeanza kuumba. Lililo jeusi ni viza. Kipimo cha kutia yai majini ni cha nyumbani tu. Likielea ni la zamani, likizama ni jipya, lakini hakioneshi salmonela, na yai lililolowa lisirudishwe katika trei.

(d) Namba ya mwanachama na tarehe viandikwe kwa penseli juu ya kaka, na daftari lioneshe yaliyopokewa na yaliyokataliwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

(e) Yaliyokataliwa yafukiwe. Kuyauza kwa bei nafuu kwa wapika keki ni kuwauzia watoto wetu maradhi.

Hapa pana jambo gumu. Katibu huona haya kumkatalia jirani au shemeji yake mayai 5 katika trei ya 30. Lakini samaki mmoja akioza huoza wote. Mnunuzi aliyepasua viza moja hatauliza ni la nani. Atasema ni la chama, na wanachama wote watakosa soko. Kukataa yai si kumvunjia mtu heshima, bali ni kulinda jasho la wote.

5. NYUMBANI

Yai lipasuliwe katika kikombe peke yake kabla ya kutiwa bakulini. Lipikwe mpaka ute na kiini vigande. Mazoea ya kunywa yai bichi kwa kutafuta nguvu yaachwe. Mikono na vyombo vioshwe kwa sabuni.

Mgonjwa anayehara apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akiwa mtoto mchanga, au akihara damu, akipata homa kali au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini yai lisilonuka laweza kudhuru?
2. Chama chetu kikipata lawama leo, daftari litaonesha yai limetoka kwa nani?
3. Ni nani atakayepima mayai, na mkutano utamlindaje anapokataa?