Ngitili ya Mwili

Muhula huu timu zetu zinajitayarisha kwa mashindano ya UMISSETA, nami nimewaona wanafunzi kadhaa wakifanya mazoezi makali asubuhi na jioni, Jumatatu hadi Jumapili, bila kuacha hata siku moja. Bidii yao yanifurahisha. Lakini mimi niliye mwalimu wa michezo sina budi kuwaeleza jambo ambalo wengi hawalifahamu, nalo ni hili: mazoezi huuchosha mwili, na nguvu mpya huja wakati wa kupumzika.

Kila aliyelelewa Usukumani anajua ngitili. Wakati wa mvua mwenye ng'ombe hufunga sehemu ya malisho yake, mifugo isiingie. Majani huota na kukomaa. Kiangazi kikifika, mbuga zimekauka, yeye hufungua ngitili yake na ng'ombe wakala. Mgeni angedhani kuwa ardhi ile ilikaa bure, kumbe ilikuwa kazini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, sehemu nyingi za mkoa zilikuwa zimebaki tupu. Njia mojawapo kubwa iliyotumika kurudisha miti na majani ilikuwa hiyo hiyo ya wazee wetu, ya kuipumzisha ardhi.

Mwili nao una desturi hiyo. Ukikimbia kwa kasi, nyuzi ndogo ndogo za misuli huchanika kidogo, na akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini hupungua. Mifupa nayo hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Hayo si mabaya, maana mwili ukipewa nafasi huziba palipochanika na kupafanya imara kuliko kwanza. Kujaza akiba ile huchukua siku nzima au zaidi. Misuli iliyochoka sana huhitaji siku 2 au 3. Mifupa huhitaji muda mrefu zaidi. Ukirudia kazi ngumu kabla ya hapo, unabomoa ukuta ambao fundi hajamaliza kuujenga. Mwisho wake ni maumivu ya goti na muundi, hata mfupa kupasuka. Hatari hiyo ni kubwa kwenu vijana, kwa kuwa mifupa yenu ingali inakua.

Watazameni mabingwa. Eliud Kipchoge wa Kenya, katika kambi ya Kaptagat, kwa miaka mingi alikuwa na mazoezi magumu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine alikimbia polepole. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston, Aprili 2025. Miezi mitano hivi baadaye, Septemba 2025, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Mbio za namna hiyo hazikimbiwi kila wiki.

Sasa nasema na wazazi pia. Mwili haujui tofauti ya jembe na mpira. Msichana aliyecheza netiboli siku tano, kisha Jumamosi akachota maji ndoo kumi na kupalilia pamba mpaka jua kuchwa, hajapumzika. Mwanafunzi atembeaye maili nne kuja shule amekwisha fanya mazoezi kabla ya kengele kulia. Na kijana wa upande wa Geita aendaye machimboni wakati wa likizo kuponda mawe hajapumzika hata kidogo. Tena kazi hiyo sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18. Sisemi watoto wasisaidie nyumbani. Nasema kazi hizo zihesabiwe, tusimlaumu mtoto akichoka.

Basi, natoa shauri langu. Siku ya mazoezi magumu ifuatwe na siku ya mazoezi mepesi, kama kutembea au kunyosha viungo. Kila wiki iwepo siku moja kamili, au mbili, isiyo na mazoezi wala kazi nzito. Laleni saa 8 hadi 10 kila usiku, maana katika usingizi mzito ndipo mwili hujijenga zaidi. Kuleni vizuri: ugali kwa nguvu, na maharage, choroko, dagaa au maziwa kwa kujenga misuli.

Tena jipimeni. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja na kuyaandika. Siku ukiona yamezidi sana kuliko desturi yako, au usingizi umekukimbia, au maumivu ya mahali pamoja hayaishi, mwambie mwalimu wako usiku haujaingia. Kunyamaza si ushujaa.

Wavivu wasijifiche nyuma ya maneno yangu. Ngitili hufungwa ili ifunguliwe, na isiyofunguliwa kamwe haimnenepeshi ng'ombe yeyote. Siku ya kazi, fanyeni kazi kweli kweli. Siku ya kupumzika, pumzikeni bila haya. Shime, vijana, tukutane uwanjani siku ya mashindano mkiwa na miguu mizima!