Fundi wa magari ya shirika: kazi yenyewe na njia ya kuingia

Ukiona gari lenye namba za SU limeegeshwa chini ya nguzo ya umeme, mkono wake umenyooka juu na mafundi wawili wamo ndani ya kikapu, ujue kuna mtu wa tatu usiyemwona. Huyo ni aliyelikagua gari hilo, au aliyetakiwa kulikagua. Makala haya yanamhusu yeye, na yanamlenga kijana mwenye spana mkononi anayetamani kuajiriwa kwenye shirika la umeme kama TANESCO au mamlaka ya maji kama DAWASA.

Magari ya wizara na idara za serikali kwa kawaida hutengenezwa TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme. Mashirika mengi ya huduma yana karakana zao, au yana mafundi wanaosimamia kazi inayopelekwa gereji za nje. Ndani ya yadi moja utakuta pikapu za wasoma mita, Land Cruiser za vikosi vya dharura, malori yenye kreni ya kubebea nguzo na transfoma, maboza ya maji na magari ya kunyonya majitaka. Fundi aliyezoea gari dogo la abiria tu atapata shida mwanzoni.

Shida kubwa zaidi, hata hivyo, ni mazoea. Gereji ya mtaani hungoja gari liharibike: mwenye gari analileta likivutwa, mnapatana bei, unafungua. Kwenye shirika, gari likifika kwako linavutwa maana yake umeshachelewa. Nguzo ikianguka usiku wa mvua, kikosi cha dharura hakiwezi kuambiwa kisubiri krachi. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni servisi ya ratiba: oili, filta, breki, belti, matairi, kila kimoja kwa wakati wake, hata kama dereva anaapa kwamba gari halina tatizo.

Na ratiba yenyewe ina mtego. Gari la kikapu linaweza kutembea kilomita 15 tu kwa siku, kisha likasimama saa 6 injini ikinguruma ili kuendesha pampu ya haidroliki. Ukifuata kilomita peke yake, utaona oili bado changa wakati imeshachoka kabisa. Mita ya saa za injini ndiyo ya kuamini, na kama gari halina mita hiyo, mwombe dereva aandike saa za kazi kwenye kitabu chake cha safari. Mafundi wazuri kabisa wa mtaani huchelewa kulielewa jambo hili, na injini nyingi zimekufa kwa sababu hiyo.

Haidroliki inastahili heshima ya pekee. Paipu ya mpira ikipata tundu dogo kama la sindano, oili hutoka kwa kasi inayotoboa ngozi, na glovu ya kawaida haiizuii. Usipapase paipu kwa kiganja kutafuta inapovuja. Zima injini, shusha mkono wa gari, toa presha iliyobaki, ndipo uguse. Ikilazimu kutafuta uvujaji mfumo ukiwa na presha, tumia kipande kirefu cha kadibodi na ukae mbali. Aliyepigwa na oili hiyo huona alama ndogo kama ya mwiba, pengine bila damu wala maumivu makali, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono huvimba, na kidole au kiganja kizima kinaweza kupotea. Huyo apelekwe hospitali papo hapo, na daktari aambiwe wazi kwamba oili yenye presha imeingia chini ya ngozi, kwa sababu mara nyingi huhitaji upasuaji wa kuisafisha. Taarifa ya ajali iandikwe siku hiyohiyo. Fidia ya ajali za kazini hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na madai yasiyo na kumbukumbu husumbua.

Mkono wa gari la kikapu una sehemu ya faibaglasi inayozuia umeme usimpitie fundi aliye juu. Usiitoboe ili kufunga taa, usiipake rangi uliyookota stoo, usiiache na tope na grisi. Uwezo wake wa kuzuia umeme hupimwa na wataalamu wenye vifaa vyao, mara nyingi kila mwaka, na vifaa vya kuinulia hukaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya sheria yake ya mwaka 2003. Fundi akiona ufa, analizuia gari lisitoke. Meneja atakasirika, na akasirike.

Kwenye magari ya majitaka, adui ni hewa. Gesi inayonuka kama yai viza huua pua kwanza: ikizidi, hutaisikia tena, na ukadhani imeisha. Hakuna kuingia ndani ya tanki bila kulipitisha hewa, kupima gesi na kuwa na mtu nje mwenye kamba. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila kifaa cha kupumulia; hivyo ndivyo ajali ya mtu mmoja inavyogeuka kuwa msiba wa watatu. Kwenye malori yenye breki za upepo, usifungue chemba yenye springi kabla ya kuifunga springi hiyo kwa bolti yake maalumu. Ikifyatuka inaua.

Halafu kuna kalamu, ambayo mafundi wengi huidharau. Chukua Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambazo bado ni nyingi mikoani. Belti yake ya taimingi hubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 100,000, na ikikatika pistoni hugonga valvu. Gari limepita mikono ya madereva watano. Nani anakumbuka belti ilibadilishwa lini? Kadi ya kazi ndiyo inayokumbuka. Tena spea za shirika la umma hununuliwa kwa taratibu za manunuzi, siku hizi kupitia mfumo wa NeST, wala hutumi kijana Kariakoo arudi baada ya saa moja. Ukiandika “filta ya Land Cruiser” utaletewa isiyoingia. Andika namba ya spea, modeli, namba ya chasisi na aina ya injini, na uagize kabla ya iliyopo stoo kuisha.

Kuhusu kuingia kazini: njia ya kawaida ni cheti cha VETA cha ufundi magari, kwa ngazi ya I hadi III, ambacho hufungua nafasi za fundi mchundo. Mwenye stashahada huomba nafasi ya fundi sanifu. Kama ujuzi wako ni wa gereji bila darasa, ulizia VETA mpango wa urasimishaji ujuzi. Hupima unachokijua na kukupa cheti. Ukiongeza umeme wa magari na matumizi ya mashine ya kusoma hitilafu, utawaacha wenzako mbali, maana injini mpya za dizeli hazisikilizwi kwa sikio tu. Tafuta pia leseni ya daraja E, kwani lori ulilolitengeneza lazima lijaribiwe.

Nafasi za mashirika ya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal. Andaa kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti kamili vya shule na vya ufundi, na barua iliyosainiwa. Hati za muda za matokeo hazikubaliwi, na waombaji wengi huanguka hapo kabla hata hawajaulizwa swali la breki. Jiandae kwa usaili wa maandishi na wa vitendo. Kuomba kazi hakulipiwi. Anayekwambia utume fedha ili jina lako lipite ni tapeli, usimtumie, mripoti polisi.