DAFTARI LA WAPIGA KURA KATIKA NCHI YA MAREKANI

Kila mwaka wa nne, mwezi wa Novemba, watu wa Marekani humchagua Rais wao, na habari zake huenea ulimwenguni mwote hata vijijini. Watu huulizana ni nani aliyeshinda, na ni wa chama gani, na amemzidi mwenzake kwa kura ngapi. Katika somo hili napenda tulitazame jambo jingine lisilotajwa sana, nalo huitangulia kura yenyewe, yaani daftari ambalo majina ya wapiga kura huandikwa ndani yake. Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Marekani haki ya watu wengi ilipotea miaka mingi, na ajabu yake ni kuwa daftari lilikuwapo, karani alikuwapo, na kalamu na wino pia, ila jina halikuandikwa.

Kwanza tuseme kidogo habari ya vyama. Msomaji atashangaa kusikia ya kuwa Katiba ya nchi ile, iliyotungwa katika mji wa Philadelphia mwaka 1787, haikutaja chama chochote. George Washington, Rais wa kwanza, alipokaribia kuacha kazi mwaka 1796 aliwaonya watu wake juu ya ugomvi wa vyama. Onyo lake halikufuatwa. Vyama viwili vinavyoshindana hata leo ni Democratic, kilichopata nguvu siku za Andrew Jackson aliyeshinda mwaka 1828, na Republican, kilichoanzishwa mwaka 1854 na watu waliopinga utumwa usienezwe katika nchi mpya za magharibi. Alama ya chama cha kwanza ni punda, na ya chama cha pili ni tembo, wala hakuna huko aonaye haya kufuata punda. Kila chama huwachagua wagombea wake kwanza kwa kura ya mchujo, kisha washindi wa mchujo hukutana katika uchaguzi mkuu. Kura hiyo ya mchujo tutaikuta tena mbele, maana ilitumiwa kwa hila.

Zamani karatasi ya kura haikutolewa na Serikali. Kila chama kilichapa karatasi zake, mara nyingi za rangi yake, zenye majina ya watu wake tu. Mpiga kura alipokea karatasi mkononi mwa watu wa chama, akaenda kuitia sandukuni mbele ya macho ya wote. Mtu aliyenunua kura ya mwenziwe aliweza kusimama kando na kuhakikisha ya kuwa fedha yake imefanya kazi. Siku hizo watu walikuja kwa wingi sana. Mwaka 1876 walipiga kura watu karibu 82 katika kila 100 waliokuwa na haki, wala hesabu hiyo haijafikiwa tena. Lakini tusisahau ya kuwa wenye haki walikuwa karibu wote wanaume, kwa maana wanawake hawakupata kura katika nchi nzima hata mwaka 1920.

Mwaka 1888 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya kufuata desturi iliyoanza Australia mwaka 1856: karatasi moja iliyochapwa na Serikali, yenye majina ya wagombea wote, na kila mtu huitia alama yake akiwa amejitenga, asionwe na mtu. Majimbo mengine yakafuata upesi. Jambo hilo ni jema, walakini karatasi ile ilimtaka mtu ajuaye kusoma, na wako waliolifurahia kwa sababu hiyo hasa.

Wakati huo huo desturi ya daftari ilienea. Katika nchi nyingi Serikali yenyewe huwaandika raia wake. Marekani mzigo huo uliwekwa juu ya raia mwenyewe. Yeye ndiye aendaye kuomba aandikwe, na akihama nyumba sharti akumbuke kuandikwa upya. Wala hakuna daftari moja la nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake, na kazi yenyewe kwa kawaida hufanywa katika ofisi za wilaya, nazo wilaya zapita 3,000. Jimbo moja tu, North Dakota, halina daftari la namna hii kabisa. Huko mtu huonyesha hati yake, akapiga kura. Haya yote huonekana kuwa mambo madogo ya ofisini. Natutazame yalivyotumika upande wa Kusini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ulikomeshwa, na mwaka 1870 Katiba iliongezwa kifungu kisemacho ya kuwa raia asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake, wala kwa kuwa alikuwa mtumwa. Maneno yake ni wazi. Kwa hiyo watawala wa Kusini waliotaka kuwatoa watu weusi hawakuweza kuandika neno "rangi" katika sheria zao. Wakatafuta maneno mengine. Jimbo la Mississippi lilitunga katiba mpya mwaka 1890, ikaamuru ya kuwa kila mpiga kura alipe kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mwaka, kisha aweze kusoma kifungu chochote cha katiba ya jimbo, au akisomewa akifahamu na kukieleza vema. Nani atakayesema kama amekieleza vema? Ni karani wa daftari, peke yake. Mzungu asiye na elimu aliweza kupewa kifungu chepesi cha mstari mmoja. Mwalimu mweusi akapewa kifungu kirefu chenye maneno ya mawakili, na jibu lake, hata likiwa zuri namna gani, likaonekana lina upungufu.

Jimbo la Louisiana nalo lilitunga sheria yake mwaka 1898. Ikasema ya kuwa mtu ambaye yeye, au baba yake, au babu yake, alikuwa na haki ya kura siku ya 1 Januari 1867, huyo asitakiwe elimu wala mali. Tarehe ile haikuchaguliwa bure, kwa kuwa siku ile watu weusi wa huko walikuwa hawajapata kura bado. Mwaka 1896 katika daftari la Louisiana walikuwamo watu weusi 130,334. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Hawakufa, wala hawakuhama. Mahakama ya Juu ya nchi ilizibatilisha sheria za babu mwaka 1915, lakini mtihani wa kusoma na kodi ya kichwa vikabaki.

Mimi ni karani kwa kazi yangu, na habari hizi hunichoma kuliko habari za vita. Nilipokuwa mgeni kazini niliwekwa kuandika daftari la kugawa mahindi wakati wa njaa. Kwa haraka nikaliruka jina la mjane mmoja. Alipofika mezani nikatazama karatasi, nikamwambia, "Mama, hapa hukuandikwa." Hakubishana nami, alikunja kikapu chake akaenda zake. Siku ya tatu mwanawe akaja kuuliza kwa adabu sana kama mama yake ana kosa gani. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la haraka tu, na bado nalikumbuka. Basi afikiri msomaji karani anayeruka majina kwa kukusudia, mchana kutwa, naye husifiwa na wakubwa wake kwa kazi safi.

Hila nyingine ilikuwa ya chama. Upande wa Kusini chama cha Democratic kilikuwa na nguvu hata mshindi wa mchujo wake alikuwa kama amekwisha shinda uchaguzi mkuu. Huko Texas watu weusi walikatazwa wasiingie katika mchujo huo, na walipolalamika wakajibiwa ya kuwa chama si Serikali, na kila chama huweza kuchagua watu wake kama apendavyo mwenye nyumba kuchagua wageni. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ilikataa neno hilo, ikasema ya kuwa mchujo ni sehemu ya uchaguzi.

Katika wote walioligonga daftari lile, napenda kumtaja Fannie Lou Hamer wa Mississippi. Alizaliwa mwaka 1917, mtoto wa mwisho katika watoto 20 wa wakulima wa pamba waliolima shamba la wengine kwa kugawana mavuno. Katika shamba alilofanya kazi miaka 18 yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa siku za kazi, maana alijua kusoma na kuandika. Kwa hiyo twaweza kusema alikuwa karani mwenzetu. Alikuwa na umri wa miaka 44 aliposikia mara ya kwanza, katika mkutano kanisani, ya kuwa mtu mweusi ana haki ya kupiga kura.

Tarehe 31 Agosti 1962 walisafiri watu 18 kwa basi, maili 26, mpaka Indianola, makao ya wilaya. Waliruhusiwa kuingia wawili wawili. Bibi Hamer alipewa kifungu cha katiba chenye maneno ya Kilatini ya kisheria, akaambiwa akieleze. Hakuweza, akashindwa mtihani. Walipokuwa wakirudi polisi walilisimamisha basi, wakamshitaki dereva kwa sababu rangi ya basi lake si ile ipasayo, akatozwa faini. Alipofika nyumbani alikuta habari imemtangulia. Mwenye shamba akamwambia aende akaliondoe ombi lake, ama sivyo atoke katika shamba. Akamjibu ya kuwa hakwenda kuandikwa kwa ajili ya bwana huyo, bali kwa ajili ya nafsi yake. Usiku ule ule akatoka.

Hakuacha. Alijifunza katiba ya Mississippi kifungu kwa kifungu, akarudi, na mwezi wa Januari 1963 akashinda mtihani. Alipokwenda kupiga kura akaambiwa hana stakabadhi za kodi ya kichwa za kutosha. Mwezi wa Juni mwaka ule alikamatwa njiani katika mji wa Winona, akapigwa gerezani vibaya sana, na madhara yake aliyachukua mpaka alipofariki mwaka 1977. Kwa kuwa chama cha Democratic cha jimbo lake kiliwafungia mlango watu weusi, yeye na wenzake walikiunda chama chao wenyewe, wakaenda kwenye mkutano mkuu wa Democratic huko Atlantic City mwezi wa Agosti 1964. Akasimama mbele ya kamati akayaeleza yote, na nchi nzima ikamwona katika televisheni. Wakubwa wa chama wakatoa viti viwili tu kwa ujumbe wote. Wajumbe walivikataa, na kwa maoni yangu walifanya haki.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mji wa Selma katika jimbo la Alabama. Huko watu weusi walikuwa karibu nusu ya watu wazima wa wilaya, lakini walioandikwa walikuwa mamia machache tu, na ofisi ya daftari ilifunguliwa siku mbili kwa mwezi. Tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 walivuka daraja la mji kwa miguu, pasipo silaha, na askari wakawashambulia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Tarehe 6 Agosti mwaka huo Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya haki ya kura. Sheria hiyo iliondoa mitihani katika majimbo yaliyohusika, ikaipa Serikali ya nchi nzima uwezo wa kupeleka maofisa wake wenyewe wawaandike watu, yaani kalamu iliondolewa mkononi mwa karani wa wilaya. Huko Mississippi walioandikwa kabla yake hawakutimia watu weusi 7 katika kila 100. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60.

Tangu hapo mengi yamerahisishwa. Mwaka 1966 kodi ya kichwa iliondolewa katika chaguzi zote, mwaka 1971 vijana wa miaka 18 walipewa kura, na sheria ya mwaka 1993 iliamuru ya kuwa mtu aendaye kuchukua leseni ya motokaa aweze kuandikwa hapo hapo. Hata hivyo ubishi haukwisha. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilikiondoa kifungu kilichotaja majimbo yapaswayo kuomba ruhusa kabla ya kubadili sheria zao za uchaguzi, na vyama viwili vimeendelea kushindana juu ya hati gani mtu aonyeshe na majina gani yafutwe. Uchaguzi wenyewe bado hufanywa Jumanne, kwa sheria ya mwaka 1845, siku ambayo wengi huwa kazini. Mwaka 2014, uliokuwa wa kuchagua wabunge pasipo Rais, walipiga kura watu kama 37 tu katika kila 100 wenye haki. Mwaka 2020 walifika kama 66, nao walikuwa wengi kuliko katika uchaguzi wowote wa Rais uliofanywa baada ya mwaka 1900.

Akitokea mtu kuuliza kama majina machache daftarini yana uzito wowote katika nchi yenye watu mamilioni, na aambiwe habari ya Florida. Mwaka 2000 George W. Bush alimshinda Al Gore katika jimbo hilo kwa kura 537, na jimbo hilo moja ndilo lililomfanya kuwa Rais. Kabla ya uchaguzi huo makarani wa Florida walikuwa wamepelekewa orodha ya watu waliodhaniwa kuwa wamehukumiwa kwa makosa makubwa, ili majina yao yafutwe, na katika orodha ile walikuwamo watu wasio na hatia yoyote, waliofanana majina tu na wahalifu. Baadhi yao walilijua jambo hilo walipofika mezani siku ya kura.

Kwa sababu hiyo iliwekwa sheria mwaka 2002 ya kuwa mtu akifika katika uchaguzi wa nchi, akasema ameandikwa, na jina lake lisionekane, asirudishwe mikono mitupu. Hupewa karatasi yake, akaijaza, ikatiwa katika bahasha na kuwekwa mbali na nyingine, mpaka karani afungue tena daftari na kutazama.