Somo: Mji wa Mpanda na Mganga wa Karema

Mji wa Mpanda haukuanzishwa na mtemi wala na wafanya biashara; ulizaliwa na madini. Risasi, fedha na shaba zilichimbwa Mukwamba, na kwa ajili ya mzigo huo ikajengwa reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua, ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Miji mingi ya namna hii hufa hapo. Mpanda haikufa, maana reli ilibaki, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Ukiwauliza wenyeji habari za watu wenye sifa, watamtaja Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2008 hata 2015, na ni haki yao. Lakini mwalimu asiache kuwaeleza watoto habari za Adrian Atiman. Huyu alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu, akaibiwa utotoni, akauzwa utumwani. Mapadre Weupe wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu wagonjwa huko hata alipokufa mwaka 1956.