Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Mwalimu, nimeijaribu 4,294,967,297 kwa 2, 3, 5, 7 na 11, haigawanyiki. Je, ni namba tasa?

JIBU: La, si tasa, ingawa hata mabingwa iliwapiga chenga. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba ndugu wadogo wa namba hii, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa, akaamini na hii ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Huna haja ya kujaribu namba zote. Kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawa kwa 64, lazima ibaki 1. Hivyo jaribu 193, 257, 449 na 577: zote zinagoma. Ya tano ni 641, nayo inaigawa bila baki. Kwa kuwa 6,700,417 nayo ni tasa, namba yako ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Chukua kalamu uhakikishe.