Injini za Land Rover za zamani: hesabu beringi kabla ya kulipa
Mnunuzi wa injini ya lita 2.25 ya Land Rover Series III huambiwa karibu kila mara kuwa ni ya "beringi tano", kwani hiyo ndiyo yenye bei. Lakini hadi 1980 krenki ya injini hiyo ilikaa juu ya beringi kuu 3. 5 zilianza mwaka huo. Namba si ushahidi, hugongwa upya: pakionekana pamepigwa msasa, ondoka. Usiridhike kuwashiwa tu. Fungua sampo, uhesabu. Muuzaji akilalamikia gasketi, mlipie gasketi. Na ile ya "haijafunguliwa tangu kiwandani"? Series III ya mwisho ilitoka 1985. Injini isiyoguswa tangu hapo yaelekea imelala tu, na kutu ndani.