Sikio Linalodunda Kama Moyo: Je, Kisukari Kinahusika?

Usiku wa manane, Kibarani. Malori ya bandarini yamepungua, matatu za mwisho zimeshavuka daraja la Makupa, na mkazi amelaza kichwa kwenye mto ili apumzike. Hapo ndipo sauti inapoanza ndani ya sikio: du, du, du, sawasawa na mapigo ya moyo. Asubuhi kelele za barabara huifunika, naye huisahau hadi usiku mwingine.

Wengi huichukulia sauti hii kwa mzaha. Wapo wanaosema sikio likilia basi mtu anasengenywa mahali. Lakini kwa mkazi anayeishi na kisukari swali ni zito zaidi: je, sukari imeshafika masikioni?

Jibu fupi ni hili. Haijathibitishwa kwamba kisukari peke yake ndicho kinachosababisha mdundo huo moja kwa moja. Hata hivyo, matatizo yanayoandamana na kisukari, kama vile presha, mishipa ya damu iliyoziba kwa mafuta na upungufu wa damu, ni miongoni mwa vyanzo vyake vinavyojulikana. Kwa hivyo mwenye kisukari anayesikia mdundo asiupuuze.

Milio ya aina mbili

Mlio wa sikioni usiotoka nje ya mwili huitwa tinitasi kitaalamu. Aina ya kawaida ni kama mlio wa nyenje, filimbi au mvumo wa feni. Hausikiki kwa mpigo. Mara nyingi hutokana na kuchoka au kuharibika kwa sehemu ya ndani ya sikio: umri, kelele za muda mrefu, au baadhi ya dawa, kwa mfano kwinini na aspirini kwa dozi kubwa.

Aina ya pili, ambayo ndiyo mada ya somo hili, hudunda. Mara nyingi hapa kuna sauti halisi: damu inayopita katika mishipa ya shingoni na kichwani, karibu na sikio. Damu inapopita kwa utulivu katika mshipa laini, haisikiki. Inapopita kwa kasi, au mahali palipobanwa, huvuma, kama maji ya mpira unapoubana kwa kidole.

Kisukari kinaingiaje?

Njia ya kwanza ni mishipa mikubwa. Sukari ikibaki juu kwa miaka, huumiza kuta za ndani za mishipa, na mafuta hupata mahali pa kujishikiza. Mishipa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo ikibanwa, mvumo wake unaweza kufika sikioni. Mishipa hiyo hiyo ikiziba, mtu hupata kiharusi. Ndiyo maana mdundo mdogo wa usiku unaweza kuwa onyo la jambo kubwa.

Njia ya pili ni presha. Kisukari na presha mara nyingi hukaa nyumba moja. Presha ikipanda, msukumo wa damu huongezeka na mdundo husikika zaidi.

Njia ya tatu ni upungufu wa damu. Kisukari kinaweza kudhuru figo, na figo zilizodhoofika hushindwa kuuchochea mwili utengeneze damu ya kutosha. Vilevile, kutumia metfomini kwa miaka mingi kunaweza kupunguza vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengenezea damu. Damu ikipungua, moyo husukuma kwa kasi ili kufidia. Hii si sababu ya kuacha metfomini. Ni sababu ya kumwomba daktari apime damu.

Njia ya nne ni sukari kushuka ghafla. Aliyechoma insulini kisha akachelewa kula, au anayefunga Ramadhani bila ushauri wa daktari, anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuhisi moyo ukimdunda hadi masikioni. Huyo anahitaji kitu kitamu mara moja, hata kama adhana ya magharibi bado.

Mbali na mdundo, kisukari hudhuru pia mishipa midogo na neva za sikio la ndani. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kupungua kwa usikivu huwapata watu wenye kisukari mara mbili zaidi ya wasio nacho.

Jaribio la kidole

Mkazi anaweza kujipima nyumbani kwa dakika moja:

1. Keti mahali patulivu.
2. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hadi uhisi mapigo.
3. Sikiliza sikio. Je, mdundo unakwenda pamoja na mapigo?
4. Andika: ni sikio moja au yote mawili? Ulianza lini? Hubadilika ukigeuza shingo au ukilala?

Ukienda pamoja na mapigo, peleka maandishi hayo kliniki. Yatamsaidia daktari kuliko kusema tu "sikio linanisumbua".

Si kila mdundo ni sukari

Nta iliyojaa sikioni, au maji nyuma ya kiwambo cha sikio baada ya mafua, huzuia sauti za nje na kuzifanya za ndani zisikike zaidi. Tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi huharakisha moyo. Ujauzito nao huongeza damu mwilini. Kwa wanawake vijana wenye uzito mkubwa, mdundo unaoambatana na kuumwa kichwa na kuona ukungu unaweza kutokana na shinikizo la maji yanayozunguka ubongo, hali inayoweza kuharibu macho isipotibiwa. Mara chache, chanzo ni uvimbe au mishipa iliyoungana vibaya.

Daktari ataanza na mambo mepesi: kupima presha, sukari na wingi wa damu, kuangalia ndani ya sikio, na kusikiliza shingo na nyuma ya sikio kwa stetoskopu. Akiona haja, ataagiza kipimo cha usikivu au picha za mishipa.

Usitie kitu sikioni

Kumwaga mafuta ya moto, kuchokoa kwa njiti, ufunguo au kofia ya kalamu hakuondoi mdundo. Kwa mwenye kisukari ni hatari maradufu. Mkwaruzo mdogo unaweza kuingiza vijidudu vinavyoshambulia ngozi ya sikio hadi mfupa wa fuvu. Maumivu makali ya sikio yanayozidi usiku, pamoja na usaha, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usingoje siku ya kliniki iwapo mdundo umeambatana na:

- uso kupinda, mkono au mguu kulegea, au maneno kukwama;
- kuumwa kichwa ghafla na vikali kuliko kawaida;
- macho kupoteza nuru au kuona vitu viwili viwili;
- sikio kuziba na kutosikia ghafla.

Mdundo ulioanza ghafla, au ulio katika sikio moja tu, pia uchunguzwe upesi hata bila dalili hizo.

Zijue namba zako

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikatoa jibu lile lile, hicho ni kisukari. Presha ikidumu 140/90 au zaidi iko juu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa Wakenya wengi, karibu 9 kati ya 10, hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Maana yake ni kwamba wapo wanaosikia mdundo leo bila kujua kuwa wana kisukari.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vya kazi na serikali mwaka 2023, wana mashine za kupimia presha na sukari na hutembelea wakazi nyumbani. Aliyejisajili na SHA, kwa kubonyeza *147# au kupitia mhamasishaji, huhudumiwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma vya ngazi ya 2 na 3. Huko, anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Port Reitz au Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani.

Nyumbani, mambo ni yale yale yanayolinda moyo. Meza dawa kila siku, hata unapojisikia mzima. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyomo katika viazi karai na mishikaki ya jioni. Mahamri na chai ya sukari viwe vya mara moja moja, si kila asubuhi. Tembea dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Pale Kibarani palipokuwa jaa la taka, leo pana nyasi na miti. Acha sigara.

Mdundo ukikunyima usingizi wakati unasubiri matibabu, washa feni au redio kwa sauti ya chini na uinue kichwa kwa mto wa pili. Hayo ni ya kukupa usingizi tu. Asubuhi, nenda ukapimwe.